Poha Isiyokuwa Yangu

Mficha uchi hazai, walisema waliotutangulia. Basi mimi Ngaire leo nauvua wangu hadharani. Nitazameni vizuri, halafu semeni mtakalo.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: kiwanda cha nyama nilichofanyia kazi miaka kumi na tisa kilifungwa. Mume wangu Brent akavuka kwenda Australia kuchimba madini, akasema atanipigia simu akifika. Mpaka leo hajafika. Nikabaki na nyumba ya marehemu baba huku shambani, nusu saa kutoka mji wa Riverton, na wazo moja kichwani: niwakaribishe watu wa mjini wapendao kula. Waje wikendi ya mwezi wa Mei, majani yakipukutika, walale kwangu, wale vya kwetu, waondoke wakinisifu.

Wiki jana niliwaacha kwenye ile barua. Mama mmoja wa Auckland, jiji la kaskazini, Philippa, kiongozi wa kundi la walaji watano, aliniandikia: "Tunasikia huko kwenu kuna ndege wa chumvi wanaohifadhiwa ndani ya poha. Je, tutaona poha ikifunguliwa mbele yetu?"

Ulimi hauna mfupa, na siku ile hata vidole vyangu havikuwa nao. Nikamjibu: "Bila shaka!"

Sikuwa na poha. Sikuwa na hata ndege mmoja.

Na poha si kitu cha kwenda kununua. Ni mfuko uliotengenezwa kwa mwani mpana wa baharini, ukajazwa makinda ya ndege waliotiwa chumvi, ukavikwa maganda ya mti, ukatiwa kikapuni na kufungwa kamba mpaka juu. Ndege hukaa humo hata miaka miwili. Siku hizi wengi wanatumia ndoo za plastiki. Poha inabaki kwa siku za heshima.

Tegemeo langu lilikuwa Tipene, binamu yangu, mtoto wa shangazi Kura. Kila Aprili yeye na mama yake huenda kisiwani kuvuna ndege, haki ya ukoo wetu tangu enzi na enzi. Aliporudi nikamwita jikoni kwangu, nikamwekea chai, nikatoa karatasi ya mipango yangu.

"Ijumaa jioni," nikamsomea, "chaza wa pwani ya Bluff. Wabichi na wa kukaanga."

"Safi."

"Jumamosi asubuhi nawapeleka kuchuma mboga kando ya mto. Na viatu vya mvua."

"Watu wa Auckland? Watakuja na raba nyeupe hao."

"Nina viatu vya baba, na vya Brent vipo."

"Vya Brent wagawie kabisa. Mwenyewe hana miguu ya kuvirudia."

Nikacheka, ingawa iliniuma. Tipene ndivyo alivyo, mdomo wake hauna breki.

"Jumapili asubuhi," nikaendelea, "mikate ya jibini ya kukunja, iliyobanikwa, na siagi juu. Kisha wanaondoka."

"Umeruka Jumamosi mchana."

"Jumamosi mchana ni poha."

Tipene akaacha kutafuna. "Poha ya nani?"

"Yako. Si umetoka kisiwani?"

"Dada, mwaka huu umeharibika. Mvua wiki tatu mfululizo, mashimo ya viota yamejaa maji, makinda wamekonda utadhani wamefunga kwaresima. Tumerudi kabla ya wakati. Nina ndoo mbili, na zote zina wenyewe."

"Nitafutie hata kidogo."

"Nikutafutie wapi? Kwani mimi natotoa?"

"Tipene, nimeshaahidi!"

"Basi ahidua. Waambie ukweli, wape kondoo. Nani amewahi kulia kwa kupewa kondoo?"

Ushauri ulikuwa huo, bure, na chai juu. Mimi nikafanya nini? Nikampandishia. Nikamwambia ananionea wivu, hataki kuniona nikisimama, yeye na ukoo mzima wanangoja nianguke wapate la kusema. Akavaa kofia yake, akaondoka bila kumaliza chai.

Na karatasi za chakula nilikuwa nimeshazichapisha Riverton, kwa herufi za kupinda: *Poha ya ukoo wetu, ikifunguliwa mbele yako.* Sikuzichana.

Jumatano ya wiki ile ya wageni, shangazi Kura akaingia. Huyu habishi hodi. Ana miaka sabini na minne, mfupi, na akiingia chumbani hata paka anashuka kwenye kiti. Nyuma yake Tipene, amenuna bado, amebeba kitu kimefunikwa blanketi.

"Stoo ya nyuma," shangazi akaamuru. "Upande usioona jua."

Tipene akaweka, akafunua. Jamani, poha! Inanifika kiunoni. Maganda ya mti yamepangwa sawasawa, kamba zimepanda kwa mistari iliyonyooka. Moyo ukanipiga paa, na haukupiga kwa nia njema, naungama.

"Hii ni ya Jumamosi ya wiki ijayo," akasema shangazi. "Unajua Jumamosi hiyo ni nini?"

"Najua, shangazi."

Nisijue vipi? Ni siku ya kufunua jiwe la kaburi la baba yangu, mwaka ukiwa unakaribia kutimia tangu tumzike. Wajomba zangu, watu wa marehemu mama, wangekuja mabasi mawili kutoka kaskazini, na sisi ndio wenyeji kwenye marae yetu, pale ukoo unapopokelea watu wake. Wale hawaji mikono mitupu. Wanakuja na viazi vyao vitamu na mikunga wa kukaushwa moshini. Na meza yetu hujulikana kwa kitu kimoja.

"Usiifungue," akasema shangazi. "Usiiguse. Usimwonyeshe mtu. Poha hufunguliwa mbele ya wageni walioandaliwa. Ikiwafikia imeshafunguliwa, tumewapa makombo. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa."

"Sema tena."

"Nimekuelewa, shangazi."

Akaipapasa ile poha kama mtu anavyompapasa mtoto kichwani, akaondoka zake. Mimi nikadhani ni uzee.

Ijumaa wageni wakafika. Philippa mrefu, skafu ya njano, sauti ya mwalimu mkuu. Mumewe Gordon, simu juu muda wote, hata mlango alipita akiutazama kwenye simu. Na wenzao watatu ambao sitawachosha nao. Chaza wakaliwa mpaka maji yake yakanywewa. "Ngaire, wewe ni hazina!" Gordon akasema. Nikaenda kulala kichwa kimenivimba.

Jumamosi asubuhi tukachuma mboga mtoni. Raba nyeupe zilikuwepo, Tipene hakukosea. Tukarudi tumelowa na tunacheka. Kondoo alikuwa ndani ya oveni tangu alfajiri, maana nilikuwa nimeamua. Naapa nilikuwa nimeamua kusema kweli.

Walipoketi nikasimama mbele yao na aproni yangu.

"Jamani, mniwie radhi. Mwaka huu kisiwani mambo yalikuwa mabaya. Ndege hawakupatikana. Nimewaandalia kondoo."

Philippa akaichukua ile karatasi yangu, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti mpaka mwisho. Kisha akaiweka mezani taratibu.

"Lakini umeandika," akasema.

"Niliandika, ndiyo. Nasikitika."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimgeukia mumewe, na hata sauti hakupunguza.

"Nilikwambia, Gordon. Haya mambo yamekwisha. Wenyewe siku hizi hawayajui tena, wanayaandika tu kwenye karatasi."

Lile neno liliniingia mpaka mfupani. Angeniita mwongo ningevumilia, maana mwongo nilikuwa. Lakini *hawayajui tena*! Shangazi Kura hajui? Tipene hajui? Aliyekuwa hajui mle ndani alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amevaa aproni. Mara ya mwisho kukanyaga kisiwani nilikuwa na miaka kumi na minne. Sijawahi kutengeneza poha. Sijawahi hata kushika kamba.

Alipiga palipo na kidonda, na mimi nikaruka.

"Nani kasema hakuna?" nikajisikia nikisema. "Nilikuwa nawatania! Subirini mwone."

Nilipokuwa naelekea stoo nilijipangia hesabu za mwizi. Nitatoa sita tu. Nitaifunga tena vizuri. Nitajazia na ndege wa ndoo ya Tipene, nani atajua? Hakuna mtu wa kwetu asiyejua kwamba poha ikifunguliwa imefunguliwa, haina kurudi. Na mimi najua. Nilijifanya sijui, kwa hatua zile kumi na tano za ukumbini.

Nikaiweka katikati ya meza. Wakapiga makofi. Gordon akasimama juu ya kiti na simu yake.

Nikaanza kufungua mafundo. Yalikataa. Yalikuwa yamekazwa ajabu, kwa namna nisiyoielewa, kila nikivuta huku yanazidi kujibana kule. Wageni wakaanza kutazamana. Mtu aliyefunga kwa mikono yake mwenyewe hashindwi kufungua. Nikachukua kisu cha nyama nikaikata kamba, kacha! Kacha! Kacha! Vipande vikaanguka sakafuni.

Mwani ukafunuka. Mafuta meupe yameganda juu, na ile harufu. Mmoja wa wale wageni akarudi nyuma mpaka dirishani, akalifungua lote.

"Ajabu," Philippa akanong'ona. "Nani ameitengeneza?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Kuanzia kukata mwani mpaka kufunga kamba."

Ndugu msomaji, hakuna aliyeniwekea kisu shingoni. Ningeweza kusema shangazi yangu. Ningeweza kusema ukoo. Nilisema mimi, nikatabasamu kwenye simu ya Gordon, nikainua kidevu.

Nikawapa kondoo wa kuanzia, nikachemsha ndege, nikamwaga maji, nikachemsha tena, nikamwaga, mara tatu chumvi ipungue, kisha wakaingia oveni ngozi ikauke. Wale sita wakaisha kabla sahani hazijazunguka. "Hakuna wengine?" Nikaenda nikaleta wanne. Kisha wanne tena. Poha ilikuwa na ndege ishirini. Philippa alifuta macho kwa kitambaa, akasema hajawahi kula kitu kinachomwambia alipo kama hiki. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mimi mwenyewe nilikuwa sijaonja. Ndio kwanza navuta kiti, nikasikia gari la Tipene uani.

Leo? Wamefuata nini leo?

Harufu ya ndege wa chumvi haina adabu, hukutangulia mpaka barabarani. Na dirisha lilikuwa wazi. Shangazi Kura aliingia akiwa ameshajua. Akasimama mlangoni na koti lake. Akawatazama wageni. Akazitazama sahani, mifupa, poha imeachama mezani kama mdomo wa mgonjwa. Akatazama sakafuni penye vipande vya kamba. Akamalizia na mimi.

Nyuma yake Tipene akafungua mdomo. Shangazi akainua kidole kimoja tu. Ukafungwa.

Nilingoja matusi. Niliyataka. Wallahi nilitaka anipige mbele yao, yaishe.

"Mmeomba kabla ya kula?" akauliza.

Hatukuomba. Nani alikumbuka?

"Basi tuombe."

Uma zikawekwa chini. Gordon akashusha simu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Shangazi akaomba kwa lugha yetu, akashukuru kwa bahari, kwa kisiwa, kwa ndege, na kwa mikono iliyowaandaa. Hapo akaitazama poha, kisha akaendelea. Halafu akavua koti, akavuta kiti, akaketi.

"Mbona mnakula bila viazi? Ngaire, wape wageni viazi."

Nikaleta viazi.

"Mama, wewe ni nani wake?" Philippa akauliza.

"Shangazi yake."

"Basi hongera! Una binti hodari. Ametuambia ameitengeneza mwenyewe, peke yake."

Shangazi akanitazama. Nikatazama viazi.

"Amesema hivyo?"

"Gordon anayo kwenye simu!"

"Kama amesema," shangazi akajibu, "mimi nani nimkanushe mwenye nyumba mbele ya wageni wake?" Akachukua kipande kinono cha kifua, akamwekea Philippa kwenye sahani. "Ongeza. Kwetu mgeni haondoki na nafasi tumboni."

Mwanamke yule hajawahi kusema uongo, hata kwa daktari. Na sasa alikuwa ameufunika wangu kwa mikono yake miwili ili nisivuliwe nguo mezani pangu. Kofi lingeniuma kidogo kuliko pale.

Baada ya muda akainuka. "Nimefuata picha ya kaka yangu, ya kwenda nayo kwenye marae. Ngaire, njoo unisaidie kuishusha."

Picha ya baba iko sebuleni. Tukaingia, akafunga mlango. Hakuigusa picha. Akaingiza mkono mfukoni mwa gauni, akatoa kipande cha kamba. Sikuona alipokiokota.

"Hii umeikata kwa kisu."

"Shangazi, nisamehe. Nisamehe mama yangu. Nitakutengenezea nyingine, nitakwenda mwenyewe kisiwani..."

"Utanitengenezea mimi? Kwani ni yangu?"

"Basi... ya Tipene."

"Tipene huyu? Hata viatu vyake vinajifungua vyenyewe. Tazama fundo hili." Akaniwekea kiganjani. "Tazama, usinitazame mimi. Limezungushwa kwenda upande gani?"

Nikatazama. Lilikuwa limezungushwa kinyume, ndiyo maana lilinishinda. Limefungwa na mtu wa mkono wa kushoto.

Katika ukoo wetu aliyekuwa akitumia mkono wa kushoto alikuwa mmoja.

"Hapana," nikasema.

"Aliitengeneza mwaka jana mwezi kama huu. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Namwambia kaka pumzika, ananiambia hii ni ya siku nitakayokuwa siwezi kuwapokea shemeji zangu mwenyewe. Alijua. Wiki tano baadaye tukamzika."

"Shangazi, basi..."

"Alikuomba uende naye mwaka ule."

"Nilikuwa na zamu kiwandani."

"Najua. Na yeye alisema hivyo hivyo. 'Mwanangu ana zamu.' Hakukulaumu hata siku moja." Akaketi kwenye mkono wa kochi, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba amezeeka. "Mimi ndiye mjinga. Nilisema niiweke humu bila kumwambia. Mtoto ataiona, atalitambua fundo la baba yake, atakaa naye siku kumi kabla hatujaifungua. Nilidhani utalitambua, Ngaire."

Sikulitambua. Nililikata, nikasema ni langu.

Nikakaa chini, kwenye zulia la baba, nikalia kwa kujiziba mdomo na aproni, kwa sababu ng'ambo ya mlango Gordon alikuwa anacheka na mtu anaomba mkate wa kufutia mafuta kwenye sahani.

Kisha nikainuka. "Naenda kuwaambia. Sasa hivi. Wote."

Shangazi akanidaka mkono. "Uwaambie nini?"

"Kweli."

"Kwamba wamekula chakula cha jiwe la marehemu? Wamekosa nini wale? Wamealikwa, wameketi, wamekula. Ukiwaambia leo, umeichukua aibu yako na kuwatia wao mdomoni. Kwetu hatumfanyii hivyo mgeni, hata akiwa na mdomo mrefu. Utanyamaza, na utatabasamu, mpaka watakapoondoka mezani."

"Siwezi."

"Sasa hivi mezani uliweza."

Nikafuta macho kwa aproni.

"Na Jumamosi," akasema, "poha utaibeba wewe. Hivyo hivyo ilivyo, na wale waliobaki, na kamba yake kwenye vipande. Utaiweka mbele ya wajomba zako. Utasema aliyeifunga na aliyeikata."

"Mbele ya watu wote?"

"Si ulipenda watu waone?"

"Wakikasirika je? Wakageuza mabasi yao, jiwe likafunuliwa bila wao?"

Shangazi Kura ana jibu la kila kitu. Tangu nizaliwe sijamwona amekosa. Safari hii akaichukua ile kamba mkononi mwangu, akaanza kuikunja kidoleni.

"Hilo sijui," akasema. "Sijui, mwanangu. Ni kaka yangu pia."

Tukaishusha picha. Akaipangusa kwa kiganja, akaikumbatia kifuani, tukarudi kwa wageni. Mimi nimenawa uso kwenye sinki, macho mekundu. Nikasema ni vitunguu. Hakuna aliyekuwa amekata vitunguu, na hakuna aliyeuliza.

"Ni nani huyu?" Philippa akauliza. "Ana uso mzuri."

"Kaka yangu, baba yake Ngaire. Hii ni nyumba yake. Jumamosi ijayo tunafunua jiwe lake."

"Oh, poleni sana. Ngaire, hukutuambia!" Akanishika mkono. Alimaanisha, huo ndio ubaya wake. Mtu mwenyewe hakuwa mbaya. "Na sisi tumekaa humu tunakula na kucheka. Laiti tungeweza kutoa heshima zetu."

Nikaona shangazi anafikiri. Nikaona kabisa jambo linakuja, na sikuwa na la kulizuia.

"Mmekula nyumbani kwake," akasema. "Kwetu aliyekula hafukuzwi. Njooni Jumamosi."

"Shangazi!" likanitoka.

"Nini? Huwataki wageni wako?"

Tipene alikuwa anatazama dari.

"Tulikuwa turudi Auckland kesho," Gordon akasema. "Lakini tunaweza kuzunguka huku kusini wiki nzima, halafu turudi. Naruhusiwa kupiga picha?"

"Hilo muulizeni Ngaire," shangazi akavaa koti. "Yeye ndiye atakayesimama kusema, kuhusu hiyo poha."

Philippa akainuka, akanikumbatia kwa mikono yote miwili. Kidevu chake kilikuwa kinang'aa mafuta, mafuta aliyoyatia chumvi baba yangu huku anakohoa.

"Utasema nini, mpenzi?"

Shangazi alikuwa mlangoni na picha, hakugeuka, lakini alisimama asikie.

"Nitasema aliyeitengeneza ni nani," nikajibu.

Philippa akapiga makofi. "Yaani wewe! Gordon, hapa lazima tubaki."